Kukiri Kabla ya Kukamatwa

Kila nipandapo barabara ya kona kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto, hunijia swali ambalo wanafunzi wangu huliona la kizamani: aliyekwepa kodi, akitaka kurudi kwa hiari yake, anafunguliwa mlango gani?

Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, na ndiko walikotawalia Usambara. Kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, asiye na rupia aliilipa kwa jasho lake. Mwaka 1907 ikaja kadi ya kazi: kila mwanamume amfanyie kazi mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za serikali. Hakuna aliyemwuliza Mshambaa kama alikuwa mkaidi au hana kitu tu.

Leo mlango upo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamruhusu Kamishna Mkuu kufifilisha kosa kabla shauri halijafunguliwa mahakamani, mradi mhusika akiri kwa maandishi na kulipa. Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli aliwapa siku saba wafanyabiashara ambao makontena yao yalitoka bandarini Dar es Salaam bila kodi kulipwa. Mwaka 2018 serikali ikatangaza msamaha wa riba na adhabu kwa asilimia 100, kwa watakaoomba katika nusu ya pili ya mwaka huo; kodi yenyewe ilibaki palepale. Kwa maoni yangu huu ulikuwa mpango wa haki kuliko mingine yote: ulikuwa na sheria na tarehe, na mwombaji aliandika barua yake akiwa nyumbani kwake.

Septemba 2019 mambo yalikuwa mengine. Rais alishauri washtakiwa wa uhujumu uchumi waliokuwa tayari kutubu na kurejesha fedha waachiwe. Ndani ya siku chache washtakiwa 467 waliandika barua, wakiahidi kurejesha shilingi bilioni 107.8. Siwatetei, wapo walioiba kweli, na mali ya umma ikirudi ni heri. Lakini wengi wao walikuwa mahabusu, na shtaka la utakatishaji fedha, ambalo hata mkwepa kodi huweza kuunganishiwa, halina dhamana. Anayekiri ili alale kwake usiku huo anaweza kuwa mwizi, anaweza pia kuwa amechoka tu.

Lushoto hiyohiyo leo ina Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Sheria ya makubaliano ya kukiri kosa, iliyopitishwa mwaka huo wa 2019, inamtaka mwenye kusikiliza shauri ajiridhishe kwamba mshtakiwa amekubali kwa hiari. Ningependa hakimu aliyesomea pale amwulize pia amekaa mahabusu miezi mingapi kabla ya hiari hiyo kumjia.