Kabla ya simu, kulikuwa na wodi ya kifua

Ukikohoa wiki mbili mfululizo pale Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, jirani hakuulizi habari za saratani. Anakuuliza kama umepima TB. Na si wa kulaumiwa. Hii ndiyo Morogoro ya panya buku, ambao shirika la APOPO, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, liliwafundisha kunusa makohozi na kubaini kifua kikuu.

Hata desturi ya wagonjwa wa kifua kushikana mkono ilianzia kwenye TB. Mpango wa taifa wa kupambana nayo ulianza 1977, ukishauriwa na mtaalamu wa TB Karel Styblo. Tiba ya muda mfupi ilipokuja, mgonjwa alilazwa miezi miwili ya kwanza ili achomwe sindano ya streptomaisini kila siku. Miezi miwili ya kulala kitanda jirani si mchezo: mnajuana hadi majina ya watoto. Aliyetangulia kumeza dawa ndiye anayemwambia mgeni asishtuke mkojo ukibadilika rangi. Hakuna aliyeipa kazi hiyo jina, wala posho.

UKIMWI ndio ulioipa jina. Uganda, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kusaidia wenye UKIMWI, mwaka 1987; Dar es Salaam, Theresa Kaijage akaanzisha lingine, WAMATA, 1989. Baadaye, Temeke, watu waliopona kifua kikuu wakaunda MUKIKUTE, wakawa wanawatafuta wanaokohoa mitaani na kuwasindikiza hadi wamalize dozi.

Neno zito hapo ni “waliopona”. Chama cha wagonjwa huendeshwa na aliyevuka akarudi kuwaonyesha wengine kivuko. Saratani ya mapafu huacha wachache wa namna hiyo. Wengi hugunduliwa wamechelewa, na wapo wanaomaliza kwanza dozi ya TB wasiyokuwa nayo, kwa kuwa dalili zinafanana: kikohozi, kukonda, damu kwenye makohozi. Kisha kuna aibu ya sigara, inayompata hata mama ambaye moshi pekee aliouvuta maishani ni wa jikoni. (Morogoro hiyo hiyo ina viwanda vya kuchakata tumbaku, mshahara wake umesomesha watoto wengi.)

Kwingineko intaneti ilisaidia kuwakusanya hao wachache. Marekani, mwaka 2015, wagonjwa wenye badiliko la jeni liitwalo ROS1, linaloonekana kwa mtu mmoja au wawili tu katika kila 100 wenye saratani ya mapafu, walitafutana mtandaoni wakaunda kundi la ROS1ders. Hawakuishia kupeana pole. Walisukuma hata utafiti juu ya ugonjwa wao. Lakini ili ujiunge nao, lazima kwanza upimwe jeni.

Wa Mzinga safari yake ni kwenda Ocean Road, hospitali ya enzi ya Wajerumani iliyofanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inamfikisha Dar kwa chini ya saa mbili. Kwenye benchi la kusubiri mionzi watu hupeana namba, na namba huzaa kundi la WhatsApp. Saratani zinazojaza mabenchi hayo ni za shingo ya kizazi na matiti. Wa mapafu akiingizwa kundini, swali lake la kwanza litakuwa kama humo yumo mwingine wa kifua.