Tume ya Mwaka 1966 na Somo Lake kwa Sisi Tunaoishi Sweden

Kila tarehe 9 Desemba tunapokutana hapa Stockholm, tukala pilau na kuwasimulia watoto habari za mwaka 1961, mazungumzo huwa juu ya namna mkoloni alivyoondoka. Ni mara chache tunauliza swali lililofuata: baada ya ofisi kuwa zetu wenyewe, nani angemlinda mwananchi dhidi ya mwenye ofisi? Nchi yetu ililishughulikia swali hilo mapema, tena kwa kuazima wazo kutoka nchi hii tunamoishi.

Wengi wetu tulikulia katika usemi wa "mwenye nguvu mpishe" na "mkono mtupu haulambwi". Kwenda ofisini bila kumjua mtu kulihesabiwa kuwa ni kupoteza siku. Mawazo hayo tulisafiri nayo. Bahasha ya ofisi ya umma ikidondoka mlangoni, moyo hushtuka hata kabla hatujaifungua. Tunawajua wazee walionyimwa malipo kwa barua, wakaiweka barua kabatini wakisema, "Serikali imeshaamua." Muda wa kukata rufaa, ambao hapa kwa kawaida ni wiki 3, ukapita, na hasara ikabaki nyumbani.

Tuanze na historia ya wenyeji wetu. Mwaka 1713 mfalme Karl XII, akiwa bado katika himaya ya Uturuki baada ya kushindwa vitani na Warusi, aliagiza awepo mtu wa kuwaangalia maofisa wake huku nyumbani. Huyo alikuwa mtu wa mfalme. Mwaka 1766 ikapitishwa sheria ya uhuru wa uchapishaji, ambayo pia ilimpa mwananchi haki ya kusoma nyaraka za serikali. Kisha mwaka 1809, baada ya Sweden kuipoteza Finland na mfalme kupinduliwa, Katiba ya tarehe 6 Juni ilianzisha ofisi ya Justitieombudsmannen, kwa kifupi JO. Huyu angechaguliwa na Bunge, na angechunguza kama maofisa na mahakimu wanafuata sheria. Wa kwanza, Lars Augustin Mannerheim, alichaguliwa mwaka 1810.

Jambo jingine linalotushangaza wageni ni kwamba idara za serikali hapa, kama ile ya kodi au ya bima ya jamii, hazimo ndani ya wizara. Katiba inamkataza waziri, na hata Bunge lenyewe, kuiamuru idara iamue vipi shauri la mtu fulani. Kwa hiyo kumtafuta "mkubwa" apige simu hakusaidii. Ila uhuru huo wa idara unahitaji walinzi, na walinzi wake ni rufaa mahakamani, nyaraka zilizo wazi, na JO.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1964 Rais Nyerere aliunda tume, chini ya Rashidi Kawawa, kupendekeza muundo wa nchi yenye chama kimoja. Wajumbe wake walikataa kuweka orodha ya haki za raia ndani ya Katiba. Hata hivyo waliona hatari iliyokuwepo: kama hakuna chama cha upinzani, afisa anayewaonea watu atasemwa na nani? Pendekezo lao likaingia katika Katiba ya Muda ya mwaka 1965, na mwaka 1966 Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ikaanza kazi. Hiyo ndiyo ofisi ya kwanza ya aina ya ombudsman barani Afrika. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Chifu Erasto Mang'enya, aliyewahi kuiwakilisha nchi yetu Umoja wa Mataifa.

Uzuri wa Tume ulikuwa katika namna ilivyofanya kazi. Wajumbe hawakukaa Dar es Salaam kungoja barua. Walikwenda mikoani, wakaitisha mikutano, wakaeleza kazi yao na kusikiliza malalamiko ya mdomo kutoka kwa watu wasiojua kuandika. Kulalamika hakukuwa na malipo. Mkulima aliyezoea kusimama nje ya ofisi ya bwana mkubwa aliambiwa na serikali yake mwenyewe kwamba analo la kusema.

Lakini wazo la Sweden lilibadilika njiani. JO huchaguliwa na Bunge na huripoti Bungeni. Wajumbe wa Tume yetu waliteuliwa na Rais, wakampelekea yeye taarifa zao, naye aliweza kuuzuia uchunguzi. Tume ilikuwa na masikio mengi, ila uamuzi ulikuwa kwa mtu mmoja. Haki za raia ziliingia katika Katiba mwaka 1984, na mwaka 2001 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, chini ya Jaji Robert Kisanga, ikachukua nafasi ya ile ya zamani, ikiwa na uwezo wa kwenda mahakamani. Wajumbe wake bado huteuliwa na Rais, na mjadala juu ya uhuru wake haujaisha.

Ofisi ya JO iko Västra Trädgårdsgatan, karibu kabisa na Kungsträdgården, tunapokwenda kutazama maua ya micheri. Mtu yeyote anaweza kumwandikia, hata asiye raia, bila kulipa. JO hawezi kuugeuza uamuzi wa idara. Hiyo ni kazi ya rufaa. Kazi yake ni kusema wazi kwamba afisa amekosea, na neno lake husikilizwa.

Watoto wetu, ninyi mnaosoma Kiswidi vizuri kuliko sisi, tunawaomba jambo moja. Barua ikija kwa bibi au babu, msiishie kutafsiri maneno. Tazameni ukurasa wa mwisho palipoandikwa namna ya kukata rufaa, kisha muwaambie kwamba kuuliza serikali si utovu wa adabu. Babu zao waliuliza mikutanoni tangu mwaka 1966, mbele ya Tume yao.

Heri ya Siku ya Uhuru.