Kula kwa Kundi: Mlo wa Watoto katika Nyanda za Juu Kusini

Itumba ni makao makuu ya Wilaya ya Ileje katika Mkoa wa Songwe, ambao ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na imezungukwa na vilima vya Wandali na Walambya ambako hustawi ndizi, mahindi, maharage na ulezi. Katika nchi yenye neema kama hiyo, suala la mtoto anayechagua chakula, yaani anayekataa kilichopo na kutaka kisichopo, haliwezi kuelezwa kwa uhaba pekee, bali huhitaji kutazamwa pia kwa kuuliza mtoto alikula na nani, na ni nani aliyejua ameshiba kiasi gani.

Maelezo ya kina zaidi kuhusu mlo wa watoto wa eneo hili zamani yanawahusu Wanyakyusa wa Rungwe, majirani wa Wandali ambao lugha zao zina undugu wa karibu. Wanaanthropolojia Monica na Godfrey Wilson waliishi miongoni mwao kati ya 1934 na 1938, na katika kitabu Good Company, kilichotoka mwaka 1951, Monica alieleza vijiji vya rika, yaani makazi ambayo wavulana waliolingana umri walijijengea kando ya wazazi wao walipofika takriban miaka 10 au 11. Vijana hao walilala katika vijiji vyao vya rika, lakini chakula kilipikwa na mama zao, nao walikwenda kula kwa makundi, leo kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule. Desturi hiyo ilikuwa sehemu ya ukwangala, yaani kufurahia kukaa, kuzungumza na kula na wenzao, jambo lililohesabiwa kuwa msingi wa adabu, kiasi kwamba mlafi na mchoyo walishukiwa uchawi kwa urahisi. Katika mpango huo mtoto hakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua, kwa kuwa kila jiko lilikuwa na mapishi yake na wenzake walikuwa tayari wanamega.

Hata hivyo, utaratibu huo ulidhoofika kadiri vijana walivyokwenda kufanya kazi katika migodi ya kusini mwa Afrika, na kadiri kahawa na upungufu wa ardhi vilivyoifunga familia kwenye shamba lake, hivyo mlo wa mtoto ukazidi kuwa shauri la nyumba moja na la mama mmoja mwenye kazi nyingi.

Udhaifu wa mlo unaomtegemea mama mmoja mwenye kazi nyingi ulionekana wazi katika Mkoa wa Iringa, jirani wa Mkoa wa Mbeya, ambako serikali, kwa kushirikiana na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ilianzisha mpango wa lishe mwaka 1983. Ilibainika kwamba watoto wadogo walipata utapiamlo hata penye chakula, kwa sababu walilishwa mara chache kwa siku, na uji wao ulikuwa mzito ukajaza tumbo dogo kabla ya kulipa nguvu ya kutosha. Tiba mojawapo iliyohimizwa ilikuwa kimea, yaani unga wa nafaka iliyolowekwa, ikaachwa ichipue, ikaanikwa na kusagwa, ambao kiasi kidogo kikikorogwa katika uji mzito huulainisha palepale, na mama akaweza kutia unga mwingi zaidi bila uji kuwa mgumu kumezeka. Sambamba na hayo, watoto walipimwa uzito kijijini, na wazazi wakajadili matokeo kwa pamoja.

Elimu ya lishe iliyofuata ilisisitiza kwamba mtoto mdogo apakuliwe katika chombo chake, kwani katika sinia moja mwenye mkono mwepesi hula sehemu ya mwenye mkono mzito, nayo miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003 ikaagiza mtoto alishwe polepole, atiwe moyo bila kulazimishwa, na akikataa chakula abadilishiwe mchanganyiko au ladha. Kwa hiyo urithi wa sehemu hii ni wa pande mbili: rika lilimpa mtoto hamu ya kula lakini halikupima kiasi, na elimu ya lishe ilipima kiasi lakini haikuweza kumpa wenzake wa kula nao. Mzazi anayempakulia mwanawe katika bakuli lake, kisha akamkalisha jamvini pamoja na ndugu zake na watoto wa jirani, anatumia pande zote mbili za urithi huo kwa pamoja.