Unguja ya 1899 katika Jarida la Berlin

Kila mjadala wa ushoga unapozuka huku pwani, hoja ni ile ile: mambo haya yameletwa na Wazungu. Wanaoishikilia wangesoma kurasa chache za Oscar Baumann, Mwaustria aliyekuwa konseli wa nchi yake Unguja, zilizochapwa mwaka 1899 katika jarida la ethnolojia la Berlin. Anaeleza watu aliowakuta tayari mjini: wanaume waliojipamba na kuvaa kike na kufanya kazi za kike, na wanawake waliovaa kiume wakiwa majumbani mwao, maana nje desturi haikuwaruhusu. Na anataja majina waliyoitwa na wenyeji: mke-si-mume, mzebe, hanisi. Kwa wanawake anataja kusagana.

Thamani ya makala hiyo ni majina hayo. Uchambuzi wa Baumann ni wa kwao Ulaya. Aliwagawa watu hao mafungu mawili, waliozaliwa hivyo na waliojifunza, mgawanyo uliokuwa ukivuma kwa madaktari wa Austria tangu Krafft-Ebing, daktari wa magonjwa ya akili, alipotoa kitabu chake mwaka 1886. Anaongeza kwamba wenyeji nao walijua tofauti hiyo, na kwamba wale wa kuzaliwa waliambiwa ni amri ya Mungu. Hapo namsikiliza, kwa sababu usemi huo una sauti ya Unguja. Lakini anapowatwika Waarabu lawama za kuwafundisha watumwa, simwamini. Ni tabia ile ile ya kumtafuta mgeni wa kubebeshwa mzigo: wakati ule Mwarabu, leo Mzungu.

Hata hivyo Uarabuni hatuwezi kupaacha, kwa sababu ya neno hanisi. Asili yake ni Kiarabu, na mwaka 1977 Unni Wikan, mwanaanthropolojia wa Norway, alichapisha utafiti wake wa Sohar, Oman, kuhusu wanaume wanaoitwa khanith. Hao walikaa na wanawake bila kizuizi, walivaa mavazi yasiyo ya kiume kamili wala ya kike kamili, na mmoja wao akioa na kuthibitisha uanaume wake, alihesabiwa mwanamume kama wengine. Kwetu hanisi ni mwanamume asiye na nguvu za kiume. Cheo cha mtu katika jamii kimegeuka kasoro ya mwili. Baumann aliliweka hanisi kando ya mke-si-mume, kama jina jingine la watu hao hao.

Shoga nalo halikuwa na maana moja. Kitabu cha mafunzo ya Kiswahili cha Askofu Steere, kilichoanza kutoka mwaka 1870, kinalieleza kuwa rafiki wa mwanamke kwa mwanamke, neno la kila siku Unguja; kisha kinaonya kwamba Lamu linamtaja mwanamume anayelaliwa na wanaume. Bandari mbili za lugha moja. Mwanamke wa Unguja amwitaye mwenzake shoga yangu hamtukani mtu, na mwandishi wa kamusi anayesahau maana hiyo ameikata lugha nusu.

Sheria za Waingereza juu ya mambo haya, zilizopita India na kufika kwetu, hazikujali majina haya. Zilitaja tendo na adhabu yake tu.

Gill Shepherd, aliyeandika juu ya ushoga wa Mombasa mwaka 1987, alishikilia kuwa cheo na mali ndivyo vinavyoamua: maskini humfuata mwenye nacho, awe mwanamume au mwanamke. Maelezo hayo yanapunguza mno. Mwenye njaa hutafuta mfadhili, lakini njaa haielezi kwa nini mwanamume avae kanga, wala kwa nini mwanamke mwenye nyumba yake avae kanzu akishafunga mlango. Deborah Amory, katika makala yake ya 1998, anatuvusha zaidi kwa sababu anaanza na mashoga na mabasha, yaani wapenzi wao wa kiume, kama wanavyotajwa na watu wa pwani, na neno homosexuality analiandika ndani ya alama za kunukuu. Vivyo hivyo inafaa kuyapima maneno yetu mapya ya warsha, utambulisho wa kijinsia na mwelekeo wa kimapenzi: yanafaa mahakamani na hospitalini, lakini mke-si-mume hakuwa akiulizwa anampenda nani. Aliulizwa anakaa na nani, anavaa nini, na harusini anaingia upande gani.