Ushofere wa kamioni Kolwezi: zamani kampuni ilifundisha, leo familia inalipa

KOLWEZI. Ukisimama jioni kando ya barabara inayotoka Kolwezi kwenda Likasi, utahesabu kamioni mpaka uchoke. Nyingine zina nambari za Zambia, nyingine za Tanzania ama Afrika Kusini, nyingine za kwetu. Zikitoka zinabeba shaba na kobalti. Zikiingia zinaleta asidi, sulfuri, chokaa na mafuta. Vijana wanaziangalia, na wazazi wanatuuliza swali lilelile: mtoto wangu anataka kuwa shofere wa kamioni, nimpeleke wapi akajifunze?

Swali hili linatoka sana kwa familia zilizohama: zile zilizoondolewa mitaani mwao kwa sababu karieri imefika karibu na nyumba, na zile zilizokuja hapa zikikimbia vita na taabu za majimbo mengine. Mara nyingi wana pesa kidogo ya fidia ama ya kiwanja kilichouzwa, na pesa hiyo ikipotea hakuna nyingine. Kwa hiyo tumeona vizuri kwanza tukumbuke kazi hii ilifundishwa namna gani hapa Lualaba. Historia hiyo ndiyo itasaidia kuchagua.

Mzigo umebadilisha mabega

Shaba ya kwetu ilisafiri mbali tangu zamani. Kabla ya Wazungu, wakati wa ufalme wa Msiri kule Bunkeya, misafara ilitembea kwa miguu kwenda pwani zote mbili, ile ya mashariki na ile ya Angola. Mpagazi alijifunza njia kwa kumfuata mpagazi mkubwa.

Kisha treni ikaja. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, ambayo leo tunaita Lubumbashi. Mwaka 1931 reli ya kutoka Tenke kwenda Dilolo iliunganishwa na ile ya Benguela, na shaba ya upande wa Kolwezi ikapata njia fupi ya kufika bahari ya Atlantiki, Lobito. Kwa miaka mingi safari ndefu ilikuwa kazi ya treni. Kamioni ilifanya kazi ya karibu: kutoka karieri mpaka kiwandani, kutoka ghala mpaka stesheni.

Wakati kampuni ilikuwa baba na mama

Union Minière, iliyozaliwa mwaka 1906, haikuajiri tu watu. Tangu miaka ya mwisho ya 1920 ilianza kuwakalisha wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao katika kambi zake. Ilitoa nyumba, posho, hospitali na shule. Serikali iliichukua kampuni hiyo tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines, lakini desturi ile haikubadilika. Watu walizoea kusema kwamba kampuni ndiyo baba, ndiyo mama.

Kwa habari ya ushofere, jambo hilo lilikuwa na maana kubwa. Gécamines ilikuwa na shule zake za ufundi na vituo vyake vya kufundishia wafanyakazi. Mtu aliyetakiwa kuendesha mtambo mkubwa kule Musonoi ama Mashamba alifundishwa ndani ya kazi, kwa mashine ya kampuni, chini ya macho ya mkubwa wake. Familia haikulipa, na kijana hakuulizwa achague shule gani.

Mwaka 1964 serikali ilianzisha INPP, shirika la taifa la kutayarisha watu kwa kazi, ili hata wale wasio wa kampuni kubwa wapate kufundishwa. Na tarehe 30 mwezi wa nane 1978, miezi mitatu tu baada ya vita vya Kolwezi, ilitoka sheria ya barabara ambayo watu wengi wanaijua kwa jina tu. Kwa sheria hiyo, pemi ya gari ndogo haikuruhusu kuendesha kamioni. Gari la mizigo linalopita tani 3 na nusu linaomba kundi C, na ukivuta remorki kubwa unahitaji kundi E.

Miaka ujuzi uliondoka

Nguvu ya reli ilianza kupungua mwaka 1975, vita vya Angola vilipofunga njia ya Benguela. Shaba ikabaki na njia ndefu: kuelekea kusini, ama kwa treni mpaka Ilebo, kisha kwa mtoni mpaka Kinshasa, kisha kwa treni tena mpaka Matadi.

Ikafuata miaka mibaya zaidi. Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Kampuni iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 ikashuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993.

Na mwaka 1992 mpaka 1993 tulijifanyia wenyewe jeraha ambalo wengine mpaka leo hawapendi kulitaja. Watu wenye asili ya Kasaï walifukuzwa, kwanza Likasi, kisha hapa Kolwezi. Maelfu kwa maelfu walilala stesheni wakingojea treni, na wengi walikufa pale stesheni na njiani. Kati yao kulikuwa mafundi, mashofere wa mitambo na walimu wa kazi, watu waliokuwa wamefundishwa miaka mingi. Wengine walizaliwa hapa na hawakujua kwingine. Familia ziliumia kwanza, na hilo ndilo kubwa. Lakini mji nao ulipoteza watu ambao wangewafundisha vijana waliobaki.

Miaka kumi baadaye, tangu 2003, Gécamines iliachisha wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia. Walipewa pesa mara moja, na kazi ikaisha. Mnyororo wa mkubwa kumfundisha mdogo ukakatika hapo.

Kamioni zikajaa, walimu hawakuwapo

Sheria ya migodi ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa kampuni za nje. Tenke Fungurume ilianza kutoa shaba mwaka 2009, Kamoa-Kakula mwaka 2021. Lakini reli ya SNCC ilikuwa imechoka. Basi mzigo ukapanda kamioni: kilometa 300 hivi mpaka Lubumbashi, nyingine karibu 90 mpaka Kasumbalesa, kisha Zambia, na kutoka pale Dar es Salaam, Durban, Beira ama Walvis Bay. Kutoka hapa kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 2,000.

Hapo ndipo vijana wetu walikuta kazi nyingi iko mikononi mwa mashofere wa nchi jirani. Wengine wanasema ni upendeleo, na malalamiko hayo hayakosi sababu. Lakini kuna jambo lingine la kusema wazi. Zambia, Tanzania na Afrika Kusini wanaendesha upande wa kushoto, sisi upande wa kulia. Ukivuka Kasumbalesa, kila kitu kinageuka: mzunguko, njia ya kupita mwenzako, kioo cha kuangalia. Tena unahitaji Kiingereza kidogo kwa polisi na kwa karatasi za forodha. Shofere wa kule amezoea njia hiyo nzima. Wa kwetu mara nyingi hakupata mtu wa kumfundisha.

Na kamioni zinazoingia kwetu usukani wao uko kulia. Shofere wake akitaka kumpita mwenzake katika barabara yetu, haoni vizuri anayekuja mbele. Kila mkaaji wa kando ya barabara hii anajua matokeo. Mwezi wa pili 2019, kati ya Lubumbashi na Kolwezi, kamioni ya asidi ilipata ajali pamoja na magari mengine. Watu karibu 20 walikufa, wengine kwa kuchomwa na asidi. Kwa hiyo mafunzo ya shofere yanawahusu wote: wale walio ndani ya basi, mama anayeuza makala kando ya njia, na watoto wanaovuka kwenda shule.

Njia tatu zilizobaki

Leo kijana wa Kolwezi ana njia tatu.

Ya kwanza ni kuanza kama boi-shofere. Unaosha gari, unabadilisha magurudumu, unalala chini ya remorki, unalinda mzigo. Njia hii haidai pesa nyingi, na inafundisha mambo ambayo darasa halifundishi: kusikia mlio wa injini, kujua breki ya hewa ikianza kuvuja, kufunga mzigo. Ubaya wake ni kwamba unarithi pia makosa ya bwana wako. Akiwa na tabia ya kuteremka mlima bila gia, na wewe utateremka hivyo. Tena kuna vijana wanaobaki maboi miaka mingi bila pemi.

Ya pili ni shule: INPP ama shule binafsi ya ushofere. Hapa familia ndiyo inalipa, na hapa ndipo pesa inapotea. Kabla ya kutoa franka moja, uliza maswali matatu. Shule ina kamioni yake, ama ina gari ndogo tu? Kila mwanafunzi atashika usukani saa ngapi, na je, atajifunza kurudi nyuma na remorki? Nani atamfanyia mtihani? Mtu akikuambia pemi ya kamioni italetwa nyumbani bila mtihani, ondoka. Karatasi hiyo haitasimamisha tani 30 mlimani.

Ya tatu ni migodi. Kampuni nyingine huwafundisha watu wake kuendesha mitambo ya karieri, na siku hizi wamama pia wanaiendesha. Kazi hii ina usalama na mshahara unaojulikana, lakini nafasi ni chache. Tena cheti cha mtambo wa ndani si pemi ya barabara. Siku kazi ikiisha, kijana anaweza kujikuta nje bila haki ya kuendesha hata kamioni ndogo.

Kwa maoni yetu, njia ya kwanza na ya pili zifuatane. Kijana akae mwaka na shofere mwenye sifa nzuri, ajue kama kazi hii anaiweza, kisha ndiyo pesa ya familia iende shuleni. Kuuza kiwanja kwanza na kujaribu kazi baadaye ni kugeuza mambo.

Treni inarudi

Wengine wanauliza: na kama Lobito inafunguka, kamioni zitakufa? Ni kweli, shaba ya Lualaba ilianza tena kupita Lobito, na mapatano mapya ya reli yako upande wa Angola. Pia mwezi wa nane 2024 Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache, na kila mtu aliona namna njia moja inavyoweza kukwama. Lakini hata zamani, treni ilipokuwa na nguvu, kamioni ndiyo iliyoleta mzigo stesheni. Safari zinaweza kuwa fupi, kazi itabaki. Atakayekosa ni yule anayejua kugeuza usukani tu, bila ufundi wa injini na bila karatasi halali.

Mpagazi alikuwa na mkubwa wa msafara, na mfanyakazi wa Gécamines alikuwa na mkubwa wa kazi. Kijana wa leo, hasa yule aliyefika hapa bila ndugu, hana mtu wa namna hiyo. Wazee mashofere mnaokaa Kolwezi bado mko hai, na mnayo yale ambayo hakuna shule inayouza. Mtoto wa jirani akiwauliza, awe mzaliwa wa hapa ama aliyefika jana, msimfukuze.