Mifupa Myekundu Mezani

Mbona plasta ikae wiki kadhaa ilhali maumivu yameisha?

Mwaka 1736, daktari wa upasuaji wa London, John Belchier, alikula nyama ya nguruwe kwa mtu wa kutia vitambaa rangi. Mifupa ilikuwa myekundu! Nguruwe walilishwa pumba zilizonyonya rangi ya mizizi. Kule Ufaransa, Duhamel akawalisha wanyama rangi hiyo, akaiondoa, akairudisha. Akakuta mifupa ina tabaka nyekundu na nyeupe. Kumbe mfupa si jiwe, hujengwa kila siku.

Mwaka 1864 Mjerumani Carl Gegenbaur akawapa mafundi hao jina: osteoblasti. Seli hizi hutandaza kwanza nyuzi laini za protini, kisha kalsiamu na fosfeti huingia na kuzigandisha. Nyingine hunaswa humo humo, kama fundi aliyejijengea ndani asiache mlango.

Basi mama, mtoto akisema mkono hauumi tena, huenda mafundi wako bado kwenye nyuzi laini. Nimeona mkono uliopinda kwa sababu plasta ilikatwa nyumbani kwa kisu. Lakini vidole vikivimba, vikipoa au kufa ganzi, usingoje tarehe ya kliniki, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo.