Mhandisi na Stoo ya Maharage

Mtu aliyesomea nyaya na mitambo ana neno gani la kutuambia juu ya tabia za watu? Niliuliza hivyo kwa dharau, mpaka niliposoma habari za Jay Forrester.

Bwana huyu alizaliwa Nebraska, Marekani, mwaka 1918, akakulia katika shamba la ng'ombe. Alisomea uhandisi wa umeme, akajiunga na chuo cha MIT, na huko akaongoza ujenzi wa kompyuta iliyoitwa Whirlwind. Alibuni pia namna ya kuhifadhi kumbukumbu za kompyuta kwa sumaku. Akiwa katika kilele cha sifa, mwaka 1956, akahamia shule ya uongozi wa viwanda ya chuo hicho hicho.

Wakuu wa General Electric walimletea fumbo. Viwanda vyao vya Kentucky vilikuwa vikifanya kazi usiku na mchana, kisha baada ya miaka michache nusu ya wafanyakazi huachishwa. Hali ya biashara peke yake haikutosha kulieleza. Forrester akachukua karatasi na penseli, akaandika kanuni walizofuata katika kuajiri na kuweka akiba, akakokotoa wiki baada ya wiki. Akaona kwamba hata wateja wasipobadilika, ajira ingepanda na kushuka vilevile. Chanzo kilikuwa maamuzi yao wenyewe na ucheleweshaji wake. Baadaye hesabu za namna hiyo alizipeleka kwenye kompyuta, akachunguza miji katika kitabu cha mwaka 1969, na dunia nzima mwaka 1971. Wengi walimpinga, wakisema binadamu si mtambo.

Mimi sikuweza kumpinga. Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza, muhula mmoja maharage yalikwisha, muhula uliofuata yakaoza. Nilimwondoa kazini mtunza stoo. Aliyemfuata yakamkuta yaleyale. Kumbe oda zilikuwa zikilala mezani kwangu wiki tatu. Wanachuo wakinung'unika, naidhinisha nyingine maradufu, na ile ya kwanza iko njiani.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Forrester aliaga dunia mwaka 2016, baada ya kutumia miaka yake ya uzeeni kuhimiza elimu hiyo ifundishwe mashuleni. Laiti ningeipata nikiwa kijana! Yule mtunza stoo alikuwa na watoto wanne, naye alifariki kabla sijamwomba radhi.